Mkaja Unaouliza

Mkaja hausomi tumbo ambalo kibofu chake ni kitupu. Kwa hiyo kila Alhamisi, siku ya gulio, benchi la nje ya gari letu la vipimo hujaa wanawake wa makamo na vikongwe wanaokunywa maji kwa amri ya serikali. Wanakunywa kikombe juu ya kikombe, wanabana mapaja, wanacheka kwa tahadhari. Mchekeshaji hufukuzwa benchini, maana akimponza mwenzake akakimbilia choo, mwenzake huyo anaanza kunywa upya.

“Sista, hii ni afya au adhabu?” aliuliza mmoja siku ile.

“Ni afya, mama. Adhabu utaiona ukijikojolea kwenye kitanda changu,” Asteria akamjibu kutoka mlangoni, na benchi zima likajishika matumbo.

Asteria ndiye muuguzi wa gari. Mimi, Mishi, ni fundi wa sauti. Yeye anakaa mbele na wagonjwa, mimi nakaa nyuma, kwenye kijichumba kisichozidi stoo ya vitunguu, nimetengwa na kitanda kwa ukuta wa plastiki. Wagonjwa hawanioni, ila Muheza ni ndogo, na kila mtu anajua niko humo na hedifoni zangu.

Mkaja wa bibi zetu ulikuwa kitambaa cha kumfunga mzazi tumbo akishajifungua. Huu wetu ni mpana vilevile na laini vilevile, ila ndani ya nyuzi zake mna vidude vidogo vinavyotoa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Sauti hiyo inaingia tumboni, inagonga nyama na maji, inarudi, na mashine inachora kile ilichokisikia. Mwanamke hajavuliwa nguo wala kuguswa, na tayari Asteria anaona kibofu, vifuko vya mayai, na mji wa mimba wenyewe umetulia katikati. Kwa mtu aliyekwisha kukoma hedhi, utando wa ndani ya mji wa mimba hunywea ukawa mwembamba kama ile ngozi nyeupe iliyo chini ya ganda la yai. Ukionekana mnene, mashine inataka kujua kwa nini.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, kwa sababu picha peke yake haitoshi. Utando wa milimita nane kwa mwanamke ambaye hajaona damu, mashine inauacha upite, inamwambia arudi mwakani. Utando uleule kwa mwanamke aliyeona hata tone moja ni habari nyingine kabisa. Huyo lazima achukuliwe kinyama kidogo cha utando huo, droni ikipeleke Tanga, kikapimwe kama kina saratani. Yote yanategemea jibu moja tu. Kwa hiyo mkaja unauliza.

Na unauliza kwa sauti ya binti.

Hilo lilitoka Dodoma. Wataalamu walizunguka nchi nzima wakiwauliza wanawake, unamwamini nani kuliko wote? Wanawake wakajibu, binti yangu. Basi ikapitishwa kwamba mashine itasema na kila mwanamke kwa sauti ya binti yake, na asiye na binti apewe ya mpwa. Nilikaa mwaka mzima nikirekodi mabinti wa wilaya hii, kutoka mashambani na madukani, nikiwasomesha maneno ili mashine ijifunze sauti zao. Hakuna aliyerudi kwa wale wanawake na swali la pili, kwamba huyo binti mnamwamini kwa mambo gani.

Matokeo yake nayasikia kila Alhamisi.

“Mama, tangu mwaka jana umeona damu yoyote, hata kidogo?”

“Hapana, mwanangu.”

“Mama, umeona damu?”

“Sijaona, mwanangu. Baba yako hajambo?”

Niliwaambia Dodoma kwamba haiwezekani wilaya nzima isiwe na mwanamke hata mmoja aliyeona damu. Wakanijibu kwamba Muheza inaongoza kwa afya ya akina mama, hongereni sana. Nilijua wanawake wale hawasemi kweli, wote isipokuwa mama yangu. Nadhani kila binti wa wilaya hii alikuwa anaamini hivyohivyo kuhusu wa kwake.

Siku ile mama naye alikuja. Ilitangulia harufu ya asumini, kisha yeye, Bi Mwanjaa, amevaa kanga mpya inayotoa sauti akitembea. Alikuwa mjane kwa miaka mingi, halafu baada ya mfungo uliopita akaolewa na Mzee Semboja, fundi wa kupandikiza michungwa, mwenye meno machache na adabu nyingi. Mji ulicheka kwa wema. Mama akacheka nao.

Akalala, Asteria akamfunga mkaja, na sauti yangu ikamwamkia, ikamuuliza.

“Hapana, mwanangu,” akasema. “Damu ya nini na uzee huu?”

Kisha akacheka. Sikukizoea kicheko kile. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeficha kitu kizuri.

Kwenye kioo changu cha mashine namba ikatokea, milimita nane na kidogo. Mashine ikasoma jibu, ikapiga hesabu yake, ikawasha taa ya kijani. Asteria akamfungua, akamwambia arudi mwakani.

*

Jumamosi nilikwenda Mkuzi kumwona. Nilikuta vichumio vya umeme vikitambaa taratibu juu ya michungwa, na Mzee Semboja chini yake akivigombeza kana kwamba vinamsikia.

“Vinachuma na mabichi,” alinilalamikia. “Mashine haijui kuonja. Karibu mwanangu, mama yako yuko jikoni, anapika mihogo kama anapikia jeshi.”

Alikuwa anapika kweli, na anaimba. Tulikaa kwenye mkeka barazani, tukaongea habari za ndugu, nani kazaa, nani kagombana na nani. Mama alikuwa amenenepa kidogo usoni. Sikuwahi kumwona amependeza vile tangu nipate akili, na nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Ni lazima nieleze kwamba mama yangu hasubiri adhana imalizike. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaachwa na kiberiti mkononi na sufuria halijainjikwa, yeye keshafika kwenye mkeka wake wa kuswalia. Hata alipovunjika mguu aliswali ameketi. Safari hii Mzee Semboja aliinuka, akachukua kofia yake, akamtazama mama kwa upole, akaenda zake peke yake. Mama aliendelea kumenya chungwa.

“Huswali, mama?”

“Nipo,” alisema, macho kwenye chungwa. “Leo nipo tu.”

Pembeni mwa mdomo wake palikuwa na tabasamu.

Mwanamke yeyote wa kwetu anajua maana ya mwanamke mzima mwenye afya yake kukaa tu wakati wa swala. Wasichana ndio hukaa hivyo. Mama zao wachanga hukaa hivyo. Mama yangu alikuwa na umri wa kuwa na vitukuu.

Niliogopa. Milimita nane, na damu. Niliona kioo changu na ile taa ya kijani, nikataka kukimbia mpaka kwenye gari nikaizime kwa mikono.

“Mama,” nilianza, “ile Alhamisi, kwenye kipimo…”

“Mishi.”

Hakupandisha sauti. Alilitaja jina langu kama mtu anayefunga mlango polepole asiwaamshe waliolala.

“Ukikua utajua kuna ya kuongea na mtoto na kuna yasiyo ya kuongea na mtoto.”

“Mama, nina miaka arobaini.”

“Basi bado kidogo.” Akanisogezea sahani ya mihogo. “Kula kabla haijapoa.”

Nikala. Nifanye nini? Kwetu binti hamuulizi mama yake habari za chini ya kitovu, na mama hamwambii binti. Si kwamba hatupendani. Mambo hayo yana mtu wake, naye ni somo, yule mwanamke anayekuchukua ukivunja ungo, akakufundisha mwili wako, akabaki na siri zako mpaka mmoja wenu afe. Mimi nina wangu, na mama alikuwa na wake, Bi Kibibi. Bi Kibibi alifariki mwaka juzi. Tangu hapo mama hakuwa na mtu wa kumwambia lolote.

*

“Mwite Bi Kibibi,” niliwaza njia nzima. Kufika Jumatatu nilikuwa nimeshaamua, na nilimwambia Asteria tukiwa tunafuta mikaja kwa dawa.

Hapa nieleze. Kabla Dodoma hawajaamua habari ya mabinti, tulifanya majaribio na sauti za watu wengine, na Bi Kibibi alikuwa mmojawapo. Alikuja mwenyewe, kashika mkongojo, akarekodi siku tatu bila kuchoka, akitutukana kila tulipomwambia arudie. Sauti yake ilikuwa nene, yenye mikwaruzo ya ugoro. Mashine iliijua vizuri kuliko sauti yoyote niliyoifundisha. Naandika maneno, yeye anayasema, pamoja na kile kijikohozi chake. Alipomaliza alitupa ruhusa kwa kinywa chake. “Itumieni mtakavyo, hata nikifa. Ila msinisemeshe uongo.”

“Sauti ya marehemu kanuni inaikataza mpaka mwenye kusikia aambiwe kwanza ni ya nani, naye akubali,” Asteria alisema.

“Najua kanuni. Nilikuwepo ilipoandikwa.”

“Na ukimwambia kwanza?”

“Atajua ni mimi niliyeiweka. Atasema hapana kwa heshima, atavaa kanga yake, hatarudi kwenye gari hili mpaka tumzike.”

Asteria alifuta mkaja mmoja mara mbili. Ni Mchagga, kakulia Moshi, na mambo yetu ya somo kayajulia kazini. “Mimi ningemfuata nyumbani nikamwambia, mama, una damu, twende.”

“Wewe si wa kwetu.”

“Saratani nayo si ya kwenu. Haiulizi somo ni nani.” Halafu akaona uso wangu, akalainisha. “Sikiliza. Naweza kubonyeza ‘ndiyo’ mimi mwenyewe, taa ikageuka. Lakini kinyama hakichukuliwi kwa mtu anayekataa. Atakataa, na atakuwa na haki.”

“Ndiyo maana nataka amwambie Bi Kibibi. Akishasema kwa mdomo wake, atakuwa amekubali kwamba ipo.”

“Atakuwa anamwambia maiti siri yake, na wewe umetega sikio nyuma ya ukuta.”

“Ndiyo.”

“Na hilo unaliona sawa?”

“Silioni sawa. Naona mama yangu atakufa.”

Asteria akatundika mkaja. Alhamisi iliyofuata yeye ndiye aliyempigia mama simu, akamwambia picha ya wiki iliyopita haikutoka vizuri, aje arudie. Hiyo ilikuwa zawadi yake kwangu, na najua ilimgharimu, maana Asteria si mtu wa kusema uongo.

*

Mama alikunywa maji yake benchini, akawachekesha wenzake, akafukuzwa, akaingia. Nilimsikia akilala na kuvuta kanga. Nilimsikia Asteria akiufunga mkaja na kuulainisha. Picha ikatokea kwenye kioo changu, kijivu na nyeupe, ikipanda na kushuka taratibu kwa pumzi zake.

Niliandika, na Bi Kibibi akasema.

“Mwanjaa, mwali wangu. Maji umeyanywa, au umeyamwaga chini kama kawaida yako?”

Picha ikasimama tuli. Mama alikuwa ameacha kupumua.

Nilisubiri mama alie, au apige kelele, au aseme “Somo” kama mtoto. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote hayo. Nilikuwa nimejiandaa hata kumpenda zaidi kwa kudanganyika.

Kisha picha ikaanza kupanda na kushuka tena.

“Kibibi,” alisema mama, polepole. “Mimi ndiye niliyekuosha. Nilikuosha kwa mikono hii, nikakutia pamba masikioni, nikakufunga kidevu. Kwa hiyo najua si wewe.”

Nikaondoa vidole kwenye vibonyezo.

“Na yale masikio yaliyo nyuma ya ukuta huu nayajua,” aliendelea. “Nimeyazaa mimi. Moja lilitoboka vibaya, nikalitoboa tena.”

Nilishika sikio langu la kushoto bila kutaka.

“Siwezi kuyaambia. Hata yakilia siwezi. Lakini maadamu wameniletea sauti yako, nitasema na wewe, somo, maana wewe ndiye wa kuambiwa. Anayesikia asikie, yake hiyo.”

Akakohoa, akasema.

“Nimeona damu. Ya kwanza niliiona baada ya harusi, kidogo tu. Nikadhani ni mambo ya ndoa. Ikaja tena, ikapotea, ikaja tena. Somo, nilicheka peke yangu chooni kama mwendawazimu. Wewe ulinifundisha siku zinavyokuja, ukanifundisha zinavyokwenda, hukunifundisha kama zinaweza kurudi. Nikasema, Mungu kaniona. Nimekaa na upweke wangu miaka yote ile, nimekauka, watoto wameondoka mmoja mmoja. Kaniletea mume, na kanirudishia na siku zangu, niwe bibi harusi kwelikweli. Nikaacha kuswali siku hizo, kama ulivyonifundisha. Nikamwambia Semboja. Yule mzee hakucheka. Alikwenda dukani akaninunulia kanga.”

Sauti yake ilikuwa na furaha hata hapo. Nilikuwa nalia, machozi yanaangukia kwenye vibonyezo.

“Lakini wiki hii ya sasa zimekuja bila kukoma,” alisema, na furaha ikapungua. “Na jana kiuno kimeniuma. Basi wewe uliyekuwa na majibu yote, niambie. Ni siku zangu hizi, au si siku zangu?”

Mashine ikanisubiri. Kwenye kioo palikuwa na mstari mtupu, na chochote nitakachoandika kingesemwa na sauti ya mtu ambaye mama alimwamini kuliko wote hai na wafu. Ningeandika “si siku zako, nenda kapimwe,” angekwenda. Haungekuwa uongo, na Bi Kibibi alikataza uongo tu. Lakini Bi Kibibi hakujua lolote kuhusu milimita nane. Nilijua mimi. Kama kuna mtu atakayemnyang’anya mama yangu furaha ile, haikuwa haki nimsukumie marehemu.

Nikaizima sauti. Nikavua hedifoni, nikazunguka nje, nikapita mbele ya benchi lote la wanawake walionitazama na vikombe mikononi, nikaingia.

Mama aliponiona aligeuzia uso ukutani. Mimi nikavuta kigoda cha Asteria, nikakiweka karibu na kitanda, nikakaa nimempa mgongo. Yeye akitazama ukuta wake, mimi nikitazama wangu.

“Ni wewe?” aliuliza.

“Ni mimi, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Na yule?”

“Nimemzima.”

“Usimwashe tena kwangu. Mwache Kibibi apumzike, kafanya kazi yake.”

“Nisamehe, mama.”

“Nimekasirika. Nitakusamehe nikishamaliza kukasirika.” Nilisikia akijipangusa pua. “Swali langu umelisikia?”

“Nimelisikia.”

“Basi.”

Nilitafuta maneno ya kuzunguka, sikuyapata. “Si siku zako, mama. Mtu akishakoma, haziji tena. Damu ikionekana ina sababu nyingine, nayo lazima itafutwe. Mara nyingi sababu huwa ndogo tu, hata haitishi. Mara nyingine ni saratani, na ikiwahiwa mapema inatibika. Ya kwako hatujui ni ipi. Sista anatakiwa kuchukua kinyama kidogo kwa mrija mwembamba, kipelekwe Tanga.”

Nje mwanamke mmoja alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda choo, wenzake wakimkatalia.

“Nilikuwa nimezifurahia,” alisema mwishowe.

Nilitaka kugeuka nimkumbatie. Nilijishika kwenye kigoda kwa mikono miwili.

“Semboja nimwambie nini sasa? Alinunua kanga, Mishi.”

“Mama, yule mzee alikuposa huna siku yoyote. Akafukuzwa na mjomba, akarudi. Akafukuzwa na mimi, akarudi.”

“Na wewe ulimfukuza vibaya.” Alicheka kidogo, kicheko chenye maji. “Alikuja kuniambia una mdomo mchafu, lakini anapenda watoto wenye msimamo.”

“Basi mwambie ukweli. Atakuja kukaa kwenye benchi lile na kikombe chake.”

Kisha akauliza kwa sauti nyingine, ile aliyokuwa akiitumia kutukagua kucha kabla ya shule. “Wale wenzangu hapo nje. Wote mnawauliza kwa sauti za watoto wao?”

“Wote.”

“Na mnaandika wanachowajibu?”

“Ndiyo.”

“Basi hamjui kitu nyinyi.” Alisonya. “Tafuteni mwanamke mtu mzima, hai, aliyekubali, asiye mama wa mtu yeyote hapa. Na wajue ni nani anayewauliza. Hilo ndilo lilikuwa gumu?”

“Nitawaambia Dodoma.”

“Dodoma utawaambia baadaye. Hawa wana kibofu kimejaa sasa hivi. Sista.”

“Bee, mama,” Asteria alisema kutoka kwenye kona aliyojibanza.

“Wewe mama yako yuko wapi?”

“Moshi.”

“Na hapa Muheza huna ndugu?”

“Sina, mama.”

“Basi waulize wewe kwa mdomo wako. Wakikujibu hapana, waulize tena, uwaambie Mwanjaa kasema anayo damu. Waambie hivyohivyo. Sina aibu kwao, aibu yangu ilikuwa kwa huyu.”

Huyu nilikuwa mimi. Nilimsikia Asteria akivuta droo, akibonyeza “ndiyo” kwenye mashine, na mwanga wa kijani uliokuwa ukimulika ukuta wangu ukageuka rangi ya chungwa bivu.

“Inauma?” mama alimuuliza.

“Kidogo, mama. Kama tumbo la siku zile za ujana.”

“Basi nalijua hilo.”

“Ila kwanza nenda kakojoe.”

“Mungu akubariki,” mama alisema kwa dhati, akashuka kitandani, akapita nyuma yangu na harufu yake ya asumini hadi kwenye kijimlango cha choo. Asteria alinisogelea akanishika bega, akaondoka kwenda kunawa mikono. Aliporudi mama na kupanda kitandani, nilijua zamu yangu imekwisha. Kipimo kile si cha kutazamwa na mtoto. Nikainuka.

“Unakwenda wapi?”

“Nje, mama. Nawapisha.”

“Nani kakutuma nje?” Kitanda kililia alipojiweka sawa. “Kaa hapo. Usigeuke, lakini usiondoke.”

Nikakaa. Asteria akachana pakiti, akamwambia mama avute pumzi. Mkono wa mama ukanipapasa mgongoni, ukapanda begani, ukashuka ukitafuta wangu. Nikampa bila kugeuka. Alipoanza kuuminya, nikauminya na mimi.